Sufuria moja, mstari mmoja: uji wa shule na mtoto wa familia isiyo na unga

(Hotuba ya mwalimu wa darasa la nne, mjumbe wa kamati ndogo ya elimu, katika maadhimisho ya Siku ya Mtoto wa Afrika, 16 Juni, Koboko. Kamati imeomba ichapwe kama ilivyosemwa.)



  Nimeambiwa nina dakika ishirini. Mwalimu akipewa dakika ishirini huchukua arobaini, lakini leo nitajitahidi.

Ndugu zangu, leo tunawakumbuka wanafunzi wa Soweto, kule Afrika Kusini, waliotoka barabarani tarehe 16 Juni 1976 kukataa kufundishwa kwa lugha waliyolazimishwa, wakapigwa risasi. Tangu mwaka 1991 Afrika nzima huiadhimisha siku hii kwa ajili yao. Kila mwaka tunapokutana hapa tunasema juu ya madarasa, vitabu na madawati, na yote hayo ni kweli. Mara hii Kamati imeniomba niseme juu ya chakula cha watoto shuleni, na hasa juu ya swali moja linalotugombanisha katika mikutano ya wazazi: familia ikishindwa kuleta mchango wa uji, mtoto wake tumfanyeje?

Jibu langu nalitoa mapema, ili anayetaka kwenda nyumbani aende nalo. Mtoto huyo anywe uji. Anywe katika mstari uleule wa wenzake, kikombe cha kiasi kilekile, na pale kwenye sufuria asiwepo mtu wa kujua kwamba kwao hawakuleta kitu. Sasa nieleze kwa nini nasema hivyo, na namna gani inawezekana bila sufuria kukauka.

KOSA LANGU

Nianze na kosa langu mwenyewe, maana anayekosoa wengine inafaa ajikosoe kwanza.

Miaka kadhaa iliyopita, katika shule niliyokuwa nikifundisha wakati ule, wazazi walikubaliana kuleta unga wa uji. Jambo zuri. Muhula ulipoanza nilikabidhiwa daftari la majina. Kila siku saa nne na nusu, kengele ya mapumziko ikilia, nilisimama karibu na sufuria na kusoma majina ya watoto ambao wazazi wao wameshaleta. Aliyesomwa alichota. Asiyesomwa alisimama kando. Nilidhani nafanya haki. Nilisema moyoni, wazazi wa hawa wengine wakiona watoto wao wamesimama, wataharakisha.

Katika darasa langu kulikuwa na binti mmoja aliyelelewa na bibi yake. Siku ya kwanza hakusomwa. Hakulia. Alichukua kikombe chake, akaenda kwenye bomba, akajaza maji, akarudi akayanywa polepole amesimama karibu na wenzake, kama mtu anayekunywa uji. Siku ya pili alienda kwenye bomba kabla sijaanza kusoma. Siku ya tatu hakuja shule.

Baada ya wiki mbili nilimfuata nyumbani. Bibi alinikaribisha, akanipa kiti, akaniambia bila hasira: "Mwalimu, kukaa na njaa amezoea. Kusimama kando mbele ya wenzake ndiko alikokataa."

Binti yule alirudi shule mwaka uliofuata, akarudia darasa. Mwaka mzima wa mtoto ulipotea kwa sababu ya unga usiofika kilo nne na daftari mkononi mwangu. Nilisomea ualimu, nikafundishwa jinsi ya kuandaa somo, jinsi ya kupanga ubao, jinsi ya kuita mahudhurio. Kwamba mahudhurio yanaweza kuuawa kwa kusoma majina, hilo nilifundishwa na bibi yule.

NJAA INAVYOINGIA DARASANI

Wengine wetu husema, mtoto huja shule kusoma, si kula. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Njoni mkae nyuma ya darasa langu. Watoto wengi hutoka nyumbani bila kutia kitu kinywani, na baadhi yao hutembea mwendo mrefu. Mpaka saa tatu wanajibu maswali. Ikifika saa tano macho yanaanza kufunga. Mchana wakiruhusiwa kwenda nyumbani na huko hakuna kitu, hawarudi kwa vipindi vya alasiri. Na siku ya mgao darasa hubaki nusu, kwa sababu mtoto amekwenda kumsaidia mama kukaa kwenye mstari au kubeba mzigo.

Nanyi mnajua mgao wenyewe ulivyokwenda. Mwezi wa Aprili 2020 ulipunguzwa kwa asilimia 30. Kwa wale wanaopokea fedha, shilingi 31,000 za mtu mmoja kwa mwezi zikawa 22,000. Mwezi wa Februari 2021 ukapunguzwa tena, ukafika asilimia 60 ya ule wa kwanza. Kuanzia Julai 2023 tukagawanywa makundi matatu kwa kiasi cha shida, na kundi la tatu likaondolewa kabisa. Mwaka 2025 WFP ilitangaza kwamba fedha hazitoshi, na katika Uganda nzima wakimbizi waliokuwa wakisaidiwa chakula wakashuka kutoka milioni 1.6 hadi 663,000 hivi.

Siyasemi haya ili kumlaumu mtu aliyeko hapa. Wajumbe wa mashirika mliokaa na sisi, tunajua hamzichapi fedha ninyi. Nayasema ili wazazi tuelewane: mama aliyeleta unga mwaka juzi bila shida, leo huenda hana. Hakuwa mvivu ghafla. Kiwanja cha mita 30 kwa 30 walichopewa wengi wa waliokuja miaka ya karibuni hakilishi watu saba mwaka mzima. Na miezi hii ya kabla ya mavuno, ghala za wenyeji nazo huwa zimekwisha.

WENYEJI WETU WANAIJUA HABARI HII

Nawageukia wazee wa Koboko na wa Arua. Ninyi hamhitaji kuelezwa ukimbizi na mwalimu mtoto kama mimi. Serikali ya Idi Amin ilipoanguka mwezi wa Aprili 1979, na vita vilipofika huku West Nile mwaka 1980, ninyi na wazazi wenu mlivuka mpaka, wengine kuingia Zaire, wengine Sudan. Mimi natoka upande wa Aru. Bibi yangu alikuwa akitusimulia jinsi watu wa Uganda walivyofika kijijini na vyungu vichwani, na jinsi watoto walivyolishwa pamoja, sahani moja, bila kuuliza huyu wa nani. Baadaye, miaka ya 1990, Koboko iliwapokea Wasudani, kabla hawajahamishiwa Ikafe na Imvepi. Na sisi tukaja. Pale Salia Musala, nchi tatu zinapokutana, njaa haina pasipoti.

Ndiyo maana katika shule yetu wa kambi na wa kijiji hukaa dawati moja. Kanuni inayojulikana ni kwamba katika msaada unaoletwa kwa ajili ya wakimbizi, asilimia 30 iwafaidie wenyeji. Basi ninaposema familia yenye shida, sisemi mkimbizi peke yake. Yuko yatima wa kijiji cha jirani ambaye hana kadi yoyote ya mgao, na yeye pia asisimamishwe kando.

SHERIA INASEMAJE

Elimu ya msingi ya bure, UPE, ilianza Uganda mwaka 1997. Sheria ya Elimu ya mwaka 2008 ilifafanua kazi ya kila mmoja. Kumlisha mtoto ni wajibu wa mzazi au mlezi. Hilo wazazi tusilikwepe. Serikali haikuahidi kupika. Lakini sheria hiyohiyo inakataza kutoza malipo ya masomo katika shule ya UPE, ingawa haimzuii mtu kutoa mchango wa hiari, wa fedha au wa vitu.

Neno ni hiari. Walimu wenzangu, tukimrudisha mtoto nyumbani akalete unga, mchango umeacha kuwa hiari, umekuwa ada. Tunaweza kuuita uji, lakini ni ada.

HESABU YA UJI

Sasa tufanye hesabu, na watoto wa darasa la nne wanisahihishe nikikosea.

Kikombe kimoja cha uji kinataka unga wa gramu 60 hivi. Tuseme muhula una siku 60 za masomo. Gramu 60 mara siku 60 ni kilo 3 na gramu 600. Basi mtoto mmoja kwa muhula mzima anahitaji unga usiofika kilo nne.

Tuchukue watoto kumi. Wanahitaji kilo 36. Kati yao, tuseme sita wazazi wao wanaweza kuleta sehemu nzima. Wawili wanaweza nusu. Wawili hawawezi kitu. Sehemu nzima sita, na nusu mbili, jumla ni sehemu saba. Kilo 36 ukigawa kwa saba unapata kilo 5 na kidogo. Kwa hiyo mwenye uwezo akileta kilo 5 na nusu badala ya kilo 4, na mwenye uwezo mdogo akileta kilo 2 na robo tatu, watoto wote kumi wanakunywa, na kilo 2 na nusu zinabaki kwa ajili ya kumwagika na panya.

Mwenye uwezo amezidishiwa nini? Kilo moja na nusu kwa muhula. Kwa siku ni gramu 25, kiasi cha vijiko vitatu vya kulia. Haba na haba hujaza kibaba, wazee walisema, na hapa kibaba ni kibaba kweli.

Si lazima uwe unga wa mahindi wa dukani. Mwenye muhogo mkavu alete muhogo, mwenye mtama alete mtama, tusage pamoja mashineni kwa gharama moja. Sukari ikikosekana, ukwaju upo, na watoto wa huku wanaupenda.

Lakini sitawadanganya. Hesabu hii inakubali watu wawili kati ya kumi wasiolipa na wawili wa nusu. Watano wakiwa hawana kitu, waliobaki watano watatakiwa kuleta zaidi ya kilo 7 kila mmoja, na hapo wataanza kujitoa mmoja mmoja mpaka sufuria ilale. Katika miaka hii ya mgao kukatwa tumeukaribia mpaka huo. Hapo ndipo ninapowageukia mashirika. Hatuombi mtupikie shule nzima. Tunaomba mtujazie pengo: unga wa wale wasioweza ufike stoo ya shule, uingie katika sufuria ileile, usiandikwe jina la mtoto.

NANI ATASEMA NANI ANA SHIDA?

Swali hili ni gumu, na wengi husema tutumie kundi lililoandikwa kwenye mgao. Mimi naona halitoshi. Kundi lile liliwekwa siku moja, na maisha ya watu hubadilika. Baba aliyekuwa na kazi ya ujenzi mjini Arua mwezi wa Februari, mwezi wa Juni amelala hospitalini. Tena watoto wa wenyeji hawamo katika makundi hayo.

Napendekeza watu watatu: mama mmoja wa kamati ya wazazi, mwalimu mmoja, na mzee mmoja wa wenyeji. Wakae wiki ya kwanza ya muhula, ndani ya chumba, mlango umefungwa. Mzazi aje mwenyewe aseme hali yake. Waamue: sehemu nzima, nusu, au hakuna. Daftari likae kwenye sanduku la mwalimu mkuu. Mtunza stoo apewe jumla ya kilo, asipewe majina. Mpishi apewe idadi ya vikombe. Katikati ya muhula wakae tena, kwa ajili ya yule ambaye hali imembadilikia.

Wako wanaosema, asiye na unga alete kuni au achote maji. Kwa anayetaka na mwenye nguvu, sawa. Lakini tusifanye kuwa lazima. Mama mjane mwenye mtoto mgongoni akionekana kila asubuhi akikata kuni za shule, kambi nzima itajua sababu, na mwanawe atajua kwamba wanajua. Kuni na maji viwe zamu ya wazazi wote.

Najua atatokea wa kudanganya. Mwenye duka atasema hana. Mimi nakubali hasara hiyo. Kumnywesha mtoto wa mwongo mmoja ni vikombe 60 vya uji. Kumfukuza binti mmoja ni mwaka wake wa masomo, na pengine masomo yake yote.

WENGINE WAMEFANYAJE

Hatukuwa wa kwanza kusumbuka na jambo hili. Marekani, nchi tajiri, ina sheria ya chakula cha mchana shuleni tangu mwaka 1946. Huko familia yenye kipato cha chini kabisa hupewa chakula bure, na inayofuata hulipa bei iliyopunguzwa, isiyozidi senti 40 za dola. Mfano wetu wa nzima, nusu na hakuna, si mgeni duniani. Na sheria yao ilikuja kukataza kabisa kumtambulisha mtoto wa chakula cha bure kwa tiketi ya namna yake, au kwa orodha ya majina inayosomwa au kubandikwa. Niliposoma hayo niliona haya, kwa sababu orodha ya majina niliyoisoma mimi ingekuwa kosa kwa sheria kule. Kuanzia mwaka 2010 waliongeza jambo jingine: shule ya mahali penye umaskini mwingi inaweza kuwalisha wote bure, bila kuuliza nani ana nini.

Nairobi, mwaka 2023, serikali ya kaunti ilianza mpango wa chakula uitwao Dishi na County. Mzazi hulipa shilingi 5 za Kenya kwa sahani, na gharama iliyobaki hubebwa na kaunti na washirika wake. Malipo hupitia simu, na mtoto hugusisha bangili yake kwenye mashine akipata chakula. Sisi hatuna bangili. Lakini wazo tunaweza kulichukua: habari ya malipo ibaki kati ya mzazi na ofisi.

Kenya hiyohiyo inatufundisha na tahadhari. Mwaka 1979 Rais Moi aliamuru maziwa ya bure kwa watoto wa shule za msingi, yakaitwa Maziwa ya Nyayo. Kizazi kizima kinayakumbuka kwa utamu. Baadaye yakakatika. Kinachotoka juu peke yake hukauka kwa juu. Ndiyo maana nataka wazazi tuanze na vibaba vyetu, na msaada utukute tunapika.

MANENO YA MWISHO

Kwa wazazi: leteni mlichoweza, na asiyeweza asifiche mtoto nyumbani. Njoo ukae na watu watatu, sema, siri itakaa. Na wewe uliyeleta kilo 5 na nusu, usimwambie mwanao kwamba jirani hakuleta. Maneno ya nyumbani hufika mstarini kabla ya mtoto.

Kwa walimu wenzangu: tusisimame karibu na sufuria na daftari. Tukitaka kusimama pale, tusimame na kikombe, mwisho wa mstari, tuhakikishe wa mwisho amepata kama wa kwanza.

Kwa wajumbe wa mashirika: tafadhali chukueni hesabu yetu ya pengo mwanzo wa muhula, si mwisho. Unga unaofika wiki ya kumi humkuta mtoto ameshaacha shule.

Na ninyi watoto: shikeni vikombe vyenu vizuri, msimcheke mtu.

Jumamosi ijayo saa tatu asubuhi wazazi wote, wa kambi na wa vijiji, tunakutana pale shuleni kuwachagua hao watatu. Mzani utakuwepo. Mwenye unga aje nao, na asiye nao aje pia, kwa maana kura yake inahesabiwa sawa na ya mwingine.